Ndoo ya Bimkubwa na Kamba za Mwani

"Mazoezi?" aliniuliza. "Mdogo wangu, mazoezi gani tena?"

Tulikuwa benchi moja la kliniki tangu saa 1 asubuhi, tunasubiri kuitwa. Mimi nilitoka Machomane, hapo hapo Chake Chake, Pemba. Yeye alitoka upande wa Micheweni, kaamka kabla ya adhana ili aiwahi gari ya mwanzo. Hatukuwa tukijuana, lakini mwenye lupasi, ugonjwa huu wa kinga ya mwili, humtambua mwenziwe: lile baka la mashavuni linalovuka pua kama kipepeo aliyekunjua mbawa, na ule mkao wa kulikwepa dirisha lenye jua hata kama ndilo lenye upepo. Tukaanza kuulizana dawa. Na yeye anakunywa haidroksiklorokwini, jamaa yake ile klorokwini ya malaria iliyotuwasha mwili mzima utotoni. Tukaja kwenye viungo. Tukaja kwenye nywele zinazobaki kwenye kitana. Tukapeana namba za simu.

Nikamwambia, kwa furaha ya mtu aliyeokota kitu cha thamani, kwamba mwenzio siku hizi natembea kila siku baada ya sala ya alfajiri, uchovu umepungua, na daktari kasema niendelee. Nikamwambia na yeye ajaribu mazoezi.

Hakukasirika. Aliifunua mikono yake kutoka chini ya mtandio akaiweka mapajani, viganja juu. Vidole vilikuwa na makovu membamba ya kamba, mengine ya zamani, mengine mabichi. Kucha 2 zilikuwa zimekatika hadi kwenye nyama.

"Mimi nafunga mwani," akasema. "Bamvua zima niko baharini, nimeinama. Nikitoka nabeba gunia. Nikifika nyumbani nateka maji. Hayo si mazoezi? Mbona mie sipati nafuu?"

Nikaitwa ndani kabla sijajibu. Nilipotoka, benchi lilikuwa na watu wengine.

Hizo ni wiki 7 sasa. Swali lake limenikalia kifuani kama mwiba wa samaki.

## Ndoo

Lazima nianze na nyumbani, kwa sababu furaha ile ya benchini ilikuwa na historia.

Nilipoambiwa nina lupasi, miaka 5 iliyopita, nyumba yetu ilikubaliana jambo moja bila kufanya kikao: mimi nisishike kitu. Nikishika ufagio, ufagio unachukuliwa. Nikikalia mbuzi nikune nazi, wifi yangu ananinyanyua kwa upole kama mtoto. Siku moja nilibeba ndoo ya maji, nusu tu, niipeleke uani. Bimkubwa akaja mbio, mtu wa miaka 68 mwenye magoti mabovu kuliko yangu, akaninyang'anya mkononi. Maji yakamwagikia kanga yake.

"Wewe mgonjwa. Kaa."

Nikakaa.

Nilikaa miaka 2.

Simlaumu mama yangu. Kwetu mgonjwa hupumzishwa, na mtu akikuachia kazi wakati unaumwa watu husema huna wenyewe. Homa ina siku yake ya kuondoka, mtu akasimama akarudi jikoni. Lupasi haina siku hiyo. Kinga ya mwili inayotakiwa kupigana na vijidudu inaugeukia mwili wenyewe, inatulia, inachachamaa, inatulia tena, na mtu anaishi nayo mpaka mwisho. Kwa hiyo mapumziko niliyopewa hayakuwa na kikomo. Nilikuwa nakunywa predinisoloni, dawa iliyoniokolea figo zangu na ambayo nitaishukuru siku zote, lakini ni dawa inayovimbisha uso, inayodhoofisha mifupa na kula misuli, hasa ya mapaja. Juu yake nikaongeza kukaa.

Nilikuja kujua nimefika wapi nikiwa juu ya mswala. Sala ya adhuhuri, rakaa ya pili, nilishindwa kunyanyuka kutoka sijida. Nilisukuma kwa mkono mmoja, nikasukuma kwa miwili, mapaja yakatetemeka yakakataa. Nikamaliza sala nimekaa pale pale chini. Kesho yake nikawekewa kiti cheupe cha plastiki, na nikasali kitini miezi 14. Nilikuwa na miaka 34. Ajuza wa jirani aliyekuja kunisalimu alisali pembeni yangu, akasujudu akainuka, akasujudu akainuka.

Nilikwenda kliniki nikamwambia daktari kwamba ugonjwa umechachamaa. Vipimo vikaonyesha umetulia. Damu nzuri, mkojo mzuri, presha nzuri.

"Ugonjwa umelala," akasema, "lakini na mapaja yako yamelala. Anza kutembea. Dakika 5."

Nilimchukia kwa zile dakika 5. Niliona haniamini. Mtu ambaye hajaupata uchovu wa lupasi anadhani ni ule wa aliyelima, unaolala nao usiku ukaamka nao haupo. Huu wetu unaamka nao. Nilikuwa nikichana nywele kwa vituo: nachana upande mmoja, nateremsha mkono, nangoja, naupandisha tena. Sasa mtu anayepumzika katikati ya kuchana nywele unamwambia akatembee?

Nilikwenda kutembea kwa hasira. Kutoka mlangoni hadi kwenye mwembe wa tatu na kurudi.

## Tarehe 1 Januari

Wiki ya tatu nilikuwa nafika dakika 10, na nikapata kiburi.

Mnajua siku ya mazoezi kitaifa inavyokuwa hapa kwetu kila mwaka ukianza. Vikundi vinatoka na fulana zao za rangi, ngoma na matarumbeta mbele, kina mama wa miaka 60 wanakimbia mchakamchaka wanaimba. Nilivaa raba za mdogo wangu nikatoka bila kumwambia mtu. Nilitaka nirudi nyumbani nikiwa natoka jasho, Bimkubwa anione.

Nilikuwa nje kwa muda wa saa 2 na nusu, na zaidi ya nusu yake juani. Sikuhisi kitu. Nilicheka na watu ambao nilikuwa sijawaona tangu niugue. Nikarudi nikasema sijachoka, na nilikuwa nimechoka.

Usiku homa ikapanda. Viungo vya vidole vikavimba hata kufunga kifungo cha gauni sikuweza. Nililala siku 9. Bimkubwa hakunisema. Alikirudisha kile kiti cha plastiki mahali pake mbele ya kibla, akakifuta vumbi kwa ncha ya kanga, akatoka. Afadhali angenisema.

Hapo ndipo shaka ilipokuwa kubwa kuliko wakati wowote. Nilijiuliza kama mama yangu, asiyesoma zaidi ya chuo cha Kurani, hakuwa anaujua mwili wangu kuliko daktari. Nilikuwa tayari kuacha kabisa.

Daktari aliniuliza maswali 2 tu. Siku ya kabla yake ulitembea dakika ngapi? Kumi. Na siku ile? Nikanyamaza. Akanifafanulia kwamba nilifanya makosa 2 kwa mpigo. La kwanza ni kuruka kutoka dakika 10 hadi 150, kitu ambacho kingemlaza hata mtu mzima wa afya aliyekaa miaka 2. La pili ni jua. Miale yake huumiza seli za ngozi, na kwa mwenye lupasi kinga ya mwili huamshwa na uharibifu huo, ikashambulia hata ndani kwenye viungo na figo. Akaniambia nianze tena dakika 5 nikipoa, niongeze dakika 1 kwa wiki, na nitoke kabla jua halijapata nguvu.

Dakika 1 kwa wiki. Hesabu ya mtu anayejenga nyumba kwa tofali moja moja. Nikaanza.

## Niliyoyasoma usiku

Ni kawaida yangu, jambo likinisumbua naingia kwenye simu usiku watu wamelala. Nilitafuta ya wagonjwa wenzangu na ya madaktari.

Kuna jaribio la London la mwaka 2003 ambalo nililisoma mara nyingi. Wagonjwa 93 wa lupasi waligawanywa makundi 3 kwa wiki 12: wengine wakafanya mazoezi ya kuongeza kidogo kidogo, wengine wakafundishwa kutuliza mwili, wengine wakaachwa na matibabu yao ya kawaida. Katika kundi la mazoezi karibu nusu walisema wana nafuu kubwa. Katika kundi lililoachwa hawakufika mtu 1 kati ya 5. Na ugonjwa wenyewe haukuchachamaa kwa sababu ya mazoezi. Hilo la mwisho ndilo nililomsomea Bimkubwa, kwa sauti, mara 2.

Lingine lilinitisha. Huko Pittsburgh, Marekani, mwaka 1997, watafiti walitazama mioyo ya wanawake wenye lupasi. Wale wa miaka 35 hadi 44 walipata mshtuko wa moyo zaidi ya mara 50 kuliko wanawake wa umri wao wasio na lupasi. Mimi nina 37. Nilizima simu nikakaa gizani. Tulikuwa tumeshughulika na figo na ngozi na vidole, wala moyo hakuna aliyeutaja nyumbani kwetu. Na moyo haulindwi kwa kukaliswa.

Na mwaka 2023 jumuiya ya Ulaya ya madaktari wa maradhi ya viungo ilitoa mapendekezo ya kumtunza mwenye lupasi kwa njia zisizo za dawa, na mazoezi yamo, pamoja na kujikinga na jua na kuacha sigara. Niseme ukweli, majaribio mengi ya mazoezi kwa ugonjwa huu ni madogo, watu 20, watu 40, na bado kuna mengi ya kupima. Lakini hakuna niliyemkuta anayesema kaa.

Kilichonigusa zaidi kilikuwa dodoso. Mwaka 2007 lilichapishwa Uingereza dodoso la kupima hali ya maisha ya mwenye lupasi, maswali 34 katika sehemu 8. Zipo sehemu ambazo ungezitarajia: maumivu, uchovu, hisia, unyumba, mtu anavyouona mwili wake. Na ipo sehemu moja nzima inayouliza kuhusu kuwa mzigo kwa wengine.

Nilidhani hilo ni langu peke yangu. Nilidhani ni utovu wa shukurani, mtu anapikiwa, anafuliwa, halafu anaumia moyoni. Kumbe kuna watu wamekaa mezani wakaliandika kuwa ni sehemu ya ugonjwa, linapimwa kama presha.

Basi nilikwenda benchini nikiwa na haya yote kichwani. Ndiyo maana nilizungumza kwa furaha vile. Na baada ya benchi niliyarudia yote, safari hii nikimtafuta yule dada wa mwani ndani yake. Sikumuona. Waliomo wanapimwa mapigo ya moyo, wana msimamizi, wana chumba chenye kivuli. Ukizidiwa, unaambiwa pumzika.

## Bamvua

Jumamosi moja nilikwenda kumtembelea.

Mwenye kuishi Pemba hahitaji kuelezwa bamvua, lakini sikuwahi kulitazama kwa jicho la mwenye lupasi. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji hupwa mpaka mbali, na pwani zetu hizi siku hizo hufika mwisho wa kupwa mnamo saa 4, asubuhi na usiku. Saa 4 ya asubuhi ndiyo kazi ya mwani ilipo. Kwa hiyo siku ambazo bahari inamfungulia mlango mkulima wa mwani ni zile zile ambazo jua linampiga utosini kuanzia saa 2 mpaka karibu na adhuhuri. Tena jua la pale ni la pande 2, la juu na lile linalorudishwa na maji na mchanga mweupe.

Mimi sikuthubutu kuingia. Nilikaa chini ya mvinje, tena na mwavuli, nimevaa buibui na glavu.

Yeye maji yalikuwa yamemfika magotini. Soksi, suruali ndani ya gauni, kanga mbili, kofia ya ukili. Kamba inafungwa kigingi hadi kigingi, na kila kipande cha mbegu ya mwani kinashikizwa kwa taitai yake, kijikamba chembamba cha kufungia. Nilihesabu kamba moja, vipande 40 na ushei. Kila kimoja anainama, anapitisha, anakaza kwa vidole ambavyo nilijua asubuhi vilikuwa havikunji. Mara moja alisimama. Akaweka mkono kiunoni nyuma, akanyoosha mgongo. Nikafikiri anajisikiliza mwili. Hapana. Alikuwa anayatazama maji kule kwenye mwamba, yanavyoanza kugeuka. Akainama tena, haraka zaidi.

Alipotoka, na gunia linalochuruzika kichwani, nilimuuliza.

"Dada, ukichoka unafanyaje?"

Alinitazama kama swali langu limekosa kitu.

"Nachoka nikirudi," akasema.

## Neno "basi"

Niliporudi Chake, njia nzima kwenye gari nilikuwa na maneno yale mawili.

Nachoka nikirudi. Uchovu wake una ratiba, na ratiba ni ya maji. Kabla maji hayajajaa haruhusiwi kuchoka, kwa sababu kamba ambayo haikufungwa leo ni kilo ambazo hazitakaushwa mwezi huu, na daftari la skuli ambalo halitanunuliwa. Mwili wake unafanya kazi kuliko wangu mara 10. Lakini hakuna wakati ambapo mwili unaweza kusema basi na ukasikilizwa.

Mazoezi, nadhani sasa, ni harakati ambayo mwenyewe unaweza kuiambia basi. Unaanza unapotaka, unaongeza mwili ukikubali, unasimama ukikataa. Huko ndiko kunakoujenga. Misuli hupata nguvu wakati wa kupumzika baada ya kutumika, si wakati wa kutumika. Mtu anayetumika bila kupumzika anaichakaza tu, na akiwa na lupasi, na jua juu yake, anauchochea moto huku anatafuta riziki.

Kwa hiyo jibu la swali lake lilikuwa hapana. Yale si mazoezi. Na mimi kumwambia aongeze mazoezi juu ya yale ilikuwa ni kumwongezea mzigo kichwani.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni kwamba nami sikuwa na neno lile. Bimkubwa aliposema kaa, alikuwa anasema basi kwa niaba yangu, kabla sijaanza. Mimi nilinyimwa kuanza, dada yule amenyimwa kuacha, na wote wawili tuliishia kwenye benchi lile lile na mapaja yasiyonyanyuka. Kwa kila wagonjwa 10 wa lupasi, 9 ni wanawake, wengi wakiwa katika umri wa kuzaa na kulea. Nani kati yetu anaamua mwenyewe lini ashike ndoo na lini aiweke chini?

Nilimpigia nikamweleza haya, vibaya, kwa kujikanyagakanyaga. Alisikiliza. Kisha akasema, "Sasa bahari nitaiambia basi mimi?"

Sikuwa na cha kusema. Kwa kweli bado sina chote. Tulichopata kukifikiria pamoja ni hiki: kufunga mbegu kwenye kamba si lazima kufanyike majini. Kamba zinaweza kutayarishwa pwani, kivulini, mtu amekaa mkekani, halafu zikapelekwa kufungwa kwenye vigingi. Wifi yake ana kamba zake na hana lupasi. Wakiunganisha, mmoja akae na taitai kivulini, mwingine aingie majini, wagawane. Anapoteza kitu katika mgao huo, na bei ya mwani mkavu mnaijua, hakuna cha kupoteza pale. Nilipomaliza kuongea niliona aibu. Ni rahisi kugawa kilo za mtu mwingine ukiwa umekaa Machomane.

## Salamu za njiani

Mimi ninavyofanya ni hivi, na nasema kwa wanaoniuliza kila siku.

Natoka nikishasali alfajiri, kabla jua halijachomoza sawasawa. Buibui na mtandio vinanikinga mwili, uso na viganja napaka mafuta ya kukinga jua hata kukiwa na mawingu. Navaa raba zangu mwenyewe sasa. Nateremka mteremko wa kwetu, naenda mpaka dakika zangu zifike nusu, narudi. Kupanda kule ndiko kwenye kazi. Nilipoanza tena nilikuwa na dakika 5, leo nina 30, na katikati pametokea wiki 11 za kurudi nyuma.

Kujua kama naenda kasi sana sitazami saa. Natumia salamu. Huku kwetu humpiti mtu kimya. Umeamkaje, watoto hawajambo, bimkubwa hajambo, yule mgonjwa wenu kapata nafuu? Nikiweza kuimaliza salamu yote bila kukata pumzi, mwendo ni sawa. Nikiona naanza kumeza maneno, napunguza. Na nikiweza kuimba kasida nzima, basi natembea kivivu.

Mara 3 kwa wiki nafanya na kile kiti cha plastiki. Nakaa, nainuka, bila kushika. Nilianza na mara 2. Sasa nafika 15.

Siku yenye homa sitoki. Ikizuka baka jipya, kifua kikibana, miguu ikivimba au mkojo ukitoa povu, sitoki, na namwona daktari. Maumivu ya kinena kwa mtu aliyekunywa steroidi kama predinisoloni muda mrefu nayo si ya kutembea juu yake, yanaweza kuwa nyonga imekosa damu. Na kama saa 2 baada ya kurudi naumia zaidi kuliko nilivyoondoka, kesho yake napunguza. Napunguza, siachi.

Siku ile niliyosujudu na kunyanyuka tena sikumwambia mtu. Kiti kilikuwa nyuma yangu. Niliinuka rakaa ya kwanza kwa kushikilia goti, ya pili bila kushika, na sala iliyobaki niliisali huku machozi yananidondoka mswalani.

Kilichobaki kilikuwa ndoo. Wiki iliyopita niliishika uani, robo tatu. Bimkubwa akatokea mlangoni. Nikamwambia, "Mama niachie. Nikichoka nitakwambia."

Akasimama.

"Utaniambia kweli?"

Nikajua anasema nini. Ile Januari nilirudi nikasema sijachoka. Miaka yote hii nilidhani hauamini mwili wangu, kumbe alikuwa haliamini neno langu, na alikuwa na haki. Nilibeba ndoo hatua 8, nikahisi bega la kulia linavuta. Ningeweza kufika. Nikaiweka chini.

"Nimechoka," nikasema.

Akaja, akashika mpini upande mmoja, mimi upande mwingine, tukaifikisha.

Jana dada wa Micheweni kanitumia sauti kwenye simu. Upepo mwingi, majani ya mvinje yanavuma, na nyuma yake kina mama wanacheka. Anasema yuko kivulini tangu asubuhi na mafungu yake ya taitai. Wifi kaingia majini na kamba 12. Anasema mgongo unauma kwa kukaa, hajazoea, na moyo haujatulia kuwaona wenziwe kule mbele na yeye kakaa kama mgeni. Halafu kimya kidogo, nikadhani imekatika.

"Hizo dakika zako 5," akasema, "mtu anaanza saa ngapi?"